Jina la Rasi ya Nyabise

Jumanne, 1 Juni 1993

Asubuhi nzima ghubani. Ghuba ya kwenye karatasi. Kalamu inaziba kwa vumbi, naifuta, naendelea. Ufuko wa ziwa letu hauchoreki kwa haraka. Unaingia, unatoka, unazunguka mwamba, unapotelea kwenye matete, unatokea tena mahali usipotegemea. Mchoraji mvivu angeunyoosha. Mimi siwezi. Naupenda mno.

Ofisini habari ni moja tu: kupunguzwa. Nani anaondoka, nani anabaki. Watu wanasimama koridoni badala ya kwenda kunywa chai. Mimi nimebaki mezani. Nikianza kuogopa nitakosea, na mstari hausamehe.

Alhamisi, 3 Juni

Bwana Lugata, mkuu wa chumba chetu cha ramani, kaniita. Kijiji cha Umoja kinagawanywa. Wakati wa operesheni ya vijiji kilikusanya watu wa pande zote kikawapanga kando ya barabara. Sasa wengi wamerudi ufukoni kwa ajili ya samaki. Upande wa ziwani utakuwa kijiji kamili, na kata mpya itachukua jina la kijiji hicho. Deus, mpima wetu, atapima mipaka. Mimi nikakusanye majina: mito, vilima, vitongoji, na jina la kijiji chenyewe.

Hilo la mwisho lina mwenyewe tayari. Kuna tajiri wa samaki pale, Bwana Felisiani. Ana mitumbwi, ana kambi, ana gari la barafu. Ameahidi kujenga zahanati pamoja na nyumba ya mganga. Sharti lake: kijiji kiitwe Felisiani.

"Wakubwa hawana neno," Bwana Lugata kasema. "Wanakijiji wakubali kwenye mkutano, wewe urudi uchore."

Nikauliza, wasipokubali? Akavua miwani.

"Kezia, majira haya si ya maswali."

Nimemwelewa. Nina hasira. Nina woga pia. Vyote viwili kwa pamoja, na nyumbani Mirongo nimemkaripia mama bila sababu.

Jumatatu, 7 Juni

Tumefika. Landrova ilitugharimu nusu ya asubuhi pale Buzuruga, pancha. Kisha lami, kisha vumbi jekundu, mashamba ya pamba yaliyopasuka meupe, ng'ombe barabarani. Halafu tukashuka mteremko na ziwa likafunguka lote.

Nilishusha kioo. Deus naye alishusha chake.

Rasi inaingia majini kama mkono uliokunjwa kiwiko. Upande wa nje miamba mikubwa imepandiana, mingine imekaa juu ya mingine kwa namna ambayo ukiichora mtu atasema umetunga. Upande wa ndani maji yametulia, na hapo ndipo mwalo: mitumbwi imepandishwa mchangani, dagaa wameanikwa, wanawake wanawageuza kwa fagio. Harufu kali. Baada ya muda huisikii tena.

Aliyetupokea ni mwenyekiti wa muda, Mama Sabina. Mjane, mrefu, sauti ya chini. Mjita aliyeolewa na Msukuma, akazaa na kuzika hapa hapa. Nilimwamkia shikamoo. Alijibu marahaba huku ameshika mkono wangu, akauangalia wino kwenye vidole.

"Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utakula kwangu."

Tumekula ugali wa mtama na sato. Sijala samaki mtamu kama yule tangu nizaliwe. Naandika hili kwa uzito wake.

Jumanne, 8 Juni

Deus kaenda na mnyororo wake na darubini ya kupimia. Mimi nimetembea na Mama Sabina kitongoji hadi kitongoji, nikiuliza watu panaitwaje na kwa nini.

Furaha kubwa. Sijui nimwambie nani, ndiyo maana naandika. Kila jiwe lina jina. Kilima kile ni Kwa Masanja, mchungaji aliyekataa kukihama mwaka wa ukame. Kijito hiki ni Machozi kwa sababu hutiririka kidogo kidogo hata kiangazi. Ile miamba miwili ni Mashemeji: inatazamana na haiongei.

Na rasi yenyewe? Nyabise, wote wanasema. Hapo tu ndipo wanapopatana. Wajita wa mwaloni wanasema Nyabise alikuwa mwanamke wa kwanza kuwasha moto hapa, alivuka ziwa na watoto wake akikimbia vita. Wajaluo waliotoka upande wa Mara wanasema Wath Nyabise, bandari ya Nyabise. Kwao alikuwa mwanamke aliyewauzia nafaka wavuvi. Wasukuma wa mlimani wanacheka. Hakuna mwanamke yeyote, wanasema. Neno ni la Kisukuma, *bise*, yaani sisi. Wageni walipofika wakauliza nani anakaa hapa, wakajibiwa "bise", wageni wakaandika walivyosikia.

Nimemuuliza Mama Sabina yeye anaamini ipi.

"Nikiwa kwetu naamini ya kwetu. Nikiwa kwa wakwe naamini ya wakwe."

Nimeandika zote tatu. Ramani itabeba neno moja, lakini mimi nimezibeba zote.

Jumatano, 9 Juni

Leo si furaha.

Nilikaa na akina mama wanaoanika dagaa. Niliuliza juu ya mkutano wa Ijumaa. Mmoja akajibu bila kuniangalia: kijiji kiitwe hata Shetani, mradi kiwe na zahanati. Hakuna aliyecheka.

Kisha wakaniambia. Mke wa mtoto wa Mama Sabina alifariki msimu uliopita wa masika. Uchungu ulimshika, barabara imekatika, wakampakia mtumbwini kwenda hospitali. Upepo. Hawakufika. Mama Sabina ndiye aliyekuwa amemshika kichwa.

Na mimi jana nilikuwa namuuliza asili ya majina.

Nilimkuta jioni anapepeta mtama. Nikachukua ungo wa pili nikakaa. Nimepepeta vibaya, nusu imemwagika. Aliukusanya tena kwa kiganja.

Sasa sielewi Ijumaa atasema nini. Angekuwa mtu mwingine ningejua. Kama ningekuwa yeye, ningekubali jina lolote duniani.

Ijumaa, 11 Juni

Naandika yote kabla sijalala, nisije nikayapamba kesho.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la pamba. Watu walijaa mpaka juu ya marobota. Bwana Felisiani alikuja na pikapu yake nyeupe, suti ya kaunda, kofia mkononi. Nilitegemea mtu wa majivuno. Ni mnene, mpole, anasalimia watoto kwa majina. Alieleza zahanati yake vizuri sana: vyumba, chumba cha kujifungulia, tangi la maji. Akina mama walipiga vigelegele. Hata mimi mwili ulinisisimka. Kisha akasema jina, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayeomba maji nyumba ya watu.

Kelele zikaanza. Vijana wa kambini wanataka, wazee wa mlimani hawataki. Mtu mmoja akasema Wajita wanataka kuuza kijiji. Mwingine akamshika shati. Deus alisogea mlangoni. Niliona kabisa tunakwenda kupigana.

Mama Sabina alisimama, akangoja. Hakuinua mkono, hakupaza sauti. Alingoja mpaka kelele ikajichosha yenyewe.

Kwanza alimshukuru Bwana Felisiani. Shukrani ndefu, ya kweli. Akasema hakuna mtu humu ndani anayeitaka ile zahanati kuliko yeye, na wote wanajua kwa nini.

Kisha akawageukia vijana wa kambini. "Mkienda mjini kuuza, mtu akiwauliza mnatoka wapi, mnasemaje?"

"Nyabise," mmoja akasema.

Akawauliza wazee wa mlimani. Nyabise. Akawauliza Wajaluo. Nyabise. Akamgeukia mgeni.

"Na wewe, Bwana Felisiani. Ukimtuma dereva wako kufuata samaki, unamwambia aende wapi?"

Yule bwana alizungusha kofia mkononi. Akatabasamu bila kutaka.

"Namwambia aende Nyabise."

Ghala lililipuka kwa kicheko. Hata waliokuwa wameshikana mashati. Lakini Mama Sabina hakucheka. Alisema, "Nyumba utakayoijenga ni yako, ipe jina unalotaka, tutaliita kwa heshima. Ardhi hukuijenga wewe. Wala sisi hatukuijenga."

Wakapiga kura kwa mikono. Nyabise. Si wote. Akina mama wengi wa dagaa hawakuinua mkono upande wowote.

Bwana Felisiani alivaa kofia, akashukuru, akaondoka. Pikapu ilipandisha mteremko. Vigelegele vya mwanzo sijui vilikwenda wapi.

Namstahi yule mama kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Na nina hofu amekosea.

Jumamosi, 12 Juni

Asubuhi mama mmoja alipita mbele ya nyumba ya Mama Sabina akatema chini. Mama Sabina alimwona. Alifunga kanga vizuri, akaniambia twende.

Wapi? Kambini kwa Felisiani.

Nilidhani anakwenda kumwomba radhi. Hakwenda kuomba chochote. Alimkuta anakagua nyavu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza, "Kwa nini jina? Mtu mwenye kila kitu anataka jina la nini?"

Swali hilo hakuna aliyemuuliza. Mimi sikumuuliza. Ofisi nzima haikumuuliza.

Bwana Felisiani aliweka nyavu chini. Kisha akasema anatoka Kabwimba. Alisema kama anayetaja jina la mtu aliyekufa. Ghuba mbili kutoka hapa. Operesheni ilipokuja waliambiwa wahame, nyumba zikaezuliwa, watu wakapelekwa Umoja barabarani. Yeye alikuwa kijana, akakimbilia Musoma akafanya kazi kwenye boti za watu. Aliporudi na pesa yake akakuta hakuna kitu. Vichaka. Akiwaambia vijana wa siku hizi "mimi mtu wa Kabwimba", wanauliza iko wapi. Alinunua ramani dukani mjini, akaitafuta. Haimo.

"Nikifa wataandika nilizaliwa wapi?" kasema. "Nikaona basi, nijitengenezee mahali."

Mama Sabina alisema polepole, "Kabwimba penye mikuyu. Nililala pale usiku wa kuamkia harusi yangu. Walitupikia maharage."

Yule mtu mnene akainama akashika nyavu, akawa anatafuta kitu ndani yake. Hakikuwepo kitu.

Mimi ndiye ninayechora ramani. Wenzangu, labda hata mimi, ndio tulioiacha Kabwimba nje.

Jumatatu, 14 Juni

Ofisini. Nimemweleza Bwana Lugata kila kitu, kura, jina, kambi. Alisikiliza kwa uso wa jiwe. Akasema nimemweka pabaya. Akasema zahanati imepotea na wakubwa watauliza. Nikasema ndiyo, mzee.

Nikaomba la pili: Kabwimba irudi kwenye ramani, kama mahame.

"Ramani si makaburi, Kezia."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia tunachora visima vilivyokauka. Tunachora magofu ya Wajerumani. Tunachora njia ya reli ambayo haikujengwa. Watu waliishi pale vizazi na vizazi, kwa nini wao tu ndio wafutwe?

Alinitazama mpaka nikajua kazi yangu imekwisha. Kisha akainuka, akavuta droo ya karatasi za zamani, zile za kabla ya uhuru, akatafuta mwenyewe. Vumbi lilimfanya apige chafya. Akazikunjua mezani na kidole chake kikatembea ufukoni taratibu, ghuba, rasi, ghuba.

Ipo. Herufi ndogo, zimefifia.

"Hii haitoshi," kasema. "Siwezi kuandika jina kwa kuwa Mkoloni aliliandika. Nendeni mkahakikishe ardhini. Mkikuta kitu, nitaweka sahihi."

Nimefanya kazi chini yake miaka mingi na nilikuwa simjui.

Alhamisi, 17 Juni

Kabwimba.

Tulikwenda kwa mtumbwi wa injini wa Bwana Felisiani, yeye mwenyewe nyuma ameshika usukani. Mimi, Deus, Mama Sabina amekaa katikati kama malkia, kanga kichwani. Upepo wa kusini ulikuwa mkali tulipozunguka nje ya rasi. Maji yaliingia. Nilimwona Mama Sabina amekaza mikono kwenye ubao, anatazama mbele tu. Nikakumbuka mtumbwi ule mwingine. Yeye alijua tangu asubuhi kwamba atapita maji hayo hayo, na akaja.

Ghuba ndogo, ya mviringo, mchanga mweupe. Kutoka majini huoni kitu, vichaka na nyani. Felisiani aliruka kabla hatujagusa mchanga, na suruali yake nzuri. Alipanda moja kwa moja bila njia. Tulimfuata kwa panga.

Mikuyu bado ipo. Mikubwa ajabu. Chini yake mwamba mpana, na juu ya mwamba mashimo ya kusagia nafaka, laini kama bakuli, moja karibu na jingine. Wanawake walikaa hapa wakasaga wakiongea. Mama Sabina alipiga magoti, akaweka mkono ndani ya shimo moja. Deus aliita kutoka upande wa pili: misingi ya nyumba, mawe yamepangwa duara. Mingi. Nyasi zimeota katikati.

Felisiani alikwenda kwenye duara moja. Hakusema ni la nani. Alisimama mlangoni, yaani pale palipokuwa mlango, halafu akaingia. Mimi niligeuka nikatazama ziwa.

Uzuri wa mahali hapa. Siwezi kuueleza na sitajaribu. Nilichofanya ni kazi yangu: nimechora kila duara, nimechora mikuyu, mwamba, kijito, njia ya kushukia majini. Deus kapima. Sijawahi kuchora kwa uangalifu kiasi hiki. Nilitaka kila mstari uwe wa kweli.

Tukiwa tunarudi Felisiani alitaja majina ya familia, moja moja, kuanzia nyumba ya karibu na maji kwenda juu. Mama Sabina alikuwa akiitikia kila jina, "Mm. Mm." Aliowajua, na asiowajua.

Jumanne, 22 Juni

Bwana Lugata kaweka sahihi. Aliniazima kalamu yake nyembamba, ile asiyomwazima mtu.

Nyabise kwa herufi wima, kijiji, makao ya kata. Kabwimba kwa herufi za kulala, na chini yake kwa udogo: mahame.

Majina ya waliopunguzwa yametoka pia. Langu halimo. Deus yumo. Nimelia chooni. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Anasema atapima viwanja vya watu binafsi, watu sasa wananunua viwanja kama nyanya, hatalala njaa. Huenda ni kweli. Bado ni uonevu.

Jumatano, 14 Julai

Deus kapita na habari za Nyabise. Amepata kazi ya kupima kiwanja huko. Kiwanja cha nini? Alicheka kwanza ndipo akaniambia.

Lori la saruji lilishuka mteremko wiki iliyopita, halafu la mabati. Bwana Felisiani hakuja nayo, alimtuma dereva, na salamu fupi: vyumba vya zahanati, kama tulivyosema. Hakuna sharti. Wanakijiji wanafyatua matofali wenyewe, mlimani na mwaloni kwa zamu, wanagombana kuhusu zamu. Yule mama aliyetema chini ndiye anayesimamia maji.

Mama Sabina hakumsifu mtu. Alihesabu mabati, akamwambia dereva, "Mwambie tangi amelisahau."

Nimecheka peke yangu mpaka mama yangu akauliza nina nini.

Ijumaa, 20 Agosti

Karatasi zimerudi kutoka kupigwa chapa. Zinanukia wino mpya.

Mchana Bwana Felisiani alikuja ofisini. Hakutuma mtu. Alivua kofia mlangoni, akaniamkia kama mtu aliyekuja hospitali. Nilimwandalia karatasi mezani, nikaiwekea vizito pembeni isijikunje. Sikumwonyesha. Nilimwacha atafute.

Alianzia mbali, mjini, akafuata ufuko kuelekea mashariki kwa kidole, kila ghuba, bila haraka. Alipita Nyabise, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kidole kikaendelea. Kikasimama.

Bwana Lugata alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka kimya kimya.

Baada ya muda Felisiani aliuliza kama anaweza kukaa kidogo. Nikamvutia kiti changu. Mimi nikaenda dirishani, nikafungua, upepo wa ziwa ukaingia. Alikaa pale mpaka saa ya kufunga ofisi, na hakuna aliyemwambia aondoke.